Jikoni kwa Shangazi: Kikombe cha bibi na biskuti zake za matunda

Wapendwa wasomaji, safari hii mmeniandikia kweli kweli. Toleo lililopita niliweka hapa resipi ya biskuti za matunda za bibi yangu mzaa mama, yule wa Pangani aliyekuja kuhamia Magomeni, zile biskuti alizokuwa anatutengenezea kila Idi na kila kukiwa na harusi nyumbani, nikajua watu watasoma watapita, kumbe kila mtu ana bibi yake na biskuti zake na ana lake la kuuliza. Nimesoma zote. Siwezi kujibu zote hapa ila nimechagua zile ambazo swali moja linabeba ya wengi.

Kwa ambaye hakusoma, resipi yenyewe niliiandika vilevile kama bibi alivyoitaja, unga wa ngano vikombe vinne vya chai, sukari kikombe kimoja na robo, siagi robo kilo, mayai mawili, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, zabibu kavu na tende za kukatakata konzi mbili mbili, maganda ya chungwa yaliyopikwa na sukari konzi moja, iliki na chumvi kidogo. Piga siagi na sukari, weka mayai, weka unga, weka matunda, kata, choma. Basi. Na hapo kwenye "vilevile kama bibi alivyoitaja" ndo palipoleta kazi, kama mtakavyoona.

Shikamoo shangazi. Mi niko Tabata, nimefuata resipi yako kila kitu, nimepima vikombe vinne vya unga kwa kile kikombe cha plastiki cha kupimia, robo kilo ya siagi nimenunua ya pakiti kabisa, lakini biskuti zimetoka ngumu na kavu, unga ulikuwa hata haushikani nikaongeza maziwa ndo ukashika. Watoto wamekula kwa kuchovya kwenye chai. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Hujakosea wewe, nimekosea mimi, na naomba radhi kwako na kwa wote waliopoteza unga na siagi yao maana najua bei ya siagi sasa hivi ilivyo. Tatizo ni kikombe. Bibi aliposema kikombe cha chai alikuwa na maana ya kikombe CHAKE, kile cha udongo cheupe chenye ua la bluu na mdomo umemeguka kidogo upande wa mkono, na mimi nimekiona maisha yangu yote kabatini kwa mama bila kufikiria kwamba ile ndo mizani ya familia nzima. Baada ya kupata meseji yako nilienda kwa mama Jumapili nikakiomba, nikakijaza maji nikamimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita, cha kwanza kikaingia, cha pili kikaingia, cha tatu kikajaza chupa na yakabaki maji kidogo chini ya kikombe. Kwa hiyo ni kama mililita 180 hivi. Kikombe chako cha plastiki cha kupimia kina 240 au 250.

Sasa fanya hesabu. Vikombe vinne vya bibi ni kama gramu 400 za unga, vinne vya kwako vinapita gramu 500. Kuna watu wamepimia magi ya bati, sitaki hata kufikiria.

Mtu atasema lakini si kila kitu kimepimwa kwa kikombe hichohicho, uwiano utakuwa palepale? Ingekuwa hivyo kama kila kitu kingekuwa kwa kikombe. Lakini siagi bibi alinunua kwa robo kilo dukani na mayai alihesabu, hivyo viwili havikui kikombe kikikua, kwa hiyo ukiongeza ukubwa wa kikombe unaongeza unga na sukari peke yake, na siagi inabaki ileile inajaribu kulainisha mzigo usiokuwa wake. Ndo ukavu wako huo.

Na mayai nayo. Bibi alifuga kuku uani, mayai yake yalikuwa ya kienyeji, madogo, lile yai ukilivunja linakuwa kama gramu 40 tu, wakati la kisasa la kutoka kwenye trei linafika 50 na zaidi. Kwenye resipi hii mawili ya kisasa ni mengi kidogo, mi sasa naweka moja zima na kiini cha la pili. Kwa hiyo andika upya kwenye daftari lako: unga gramu 400, sukari gramu 200, siagi 250, yai moja na kiini kimoja, zabibu 100, tende 100, maganda 50, vingine vilevile. Hiyo nimeipima kwa mzani na nimeichoma mara mbili wiki hii na mama amekula akanyamaza kidogo akasema hizi ndo zenyewe.

Za kwangu zimekuwa kinyume, nimeziweka kwenye trei vizuri zimepangwa, baada ya dakika kumi naangalia zimetandaa zote zimeshikana zimekuwa chapati moja. Nipo Kigamboni, natumia oveni ya gesi.

Dada, hapa tunagombana na joto la Dar. Siagi ya maziwa inaanza kulegea mapema sana na inayeyuka kabisa kwenye nyuzi thelathini na kitu, na jiko lako mchana wa Januari madirisha yamefungwa ili moto usiyumbe lina nyuzi hizohizo. Kwa hiyo siagi yako imeshayeyuka kabla hata haijafika kwenye oveni, unga haujapata muda wa kushika, biskuti inakimbia. Siagi ya kupiga na sukari inatakiwa iwe laini ya kubonyea kwa kidole, lakini ikianza kung'aa na kuacha mafuta pembeni ya bakuli ujue imeshapita, irudishe kwenye friji kwanza.

Ukimaliza kuchanganya usikate hapohapo, funga unga wako weka kwenye friji saa moja. Umeme ukikatika (na unakatika siku ya kuoka, sijui unajuaje) nunua zile barafu za mfuko, ziweke kwenye beseni na maji, halafu bakuli la unga juu yake, funika. Na kitu kingine ambacho wengi hatuangalii, trei. Mzunguko wa kwanza ukitoka watu tunapanga wa pili juu ya trei ileile ya moto, pale siagi inayeyuka unapanga bado. Igeuze uimwagie maji mgongoni, ifute, ndo upange.

Umeniuliza pia kuhusu samli maana unayo nyingi. Samli ni nzuri sana kwa hizi, zamani pwani ndo ilikuwa yenyewe, vileja na nankatai hadi leo harufu yake ni ile. Ila usibadilishe gramu kwa gramu. Siagi ina maji ndani yake, mafuta ni kama asilimia 80 tu, samli ni mafuta karibu matupu, kwa hiyo penye siagi 250 weka samli 200 na kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Ukiweka 250 za samli ndo unarudi kwenye chapati yako. Na hizi siagi za kopo za kupaka mkate, soma pembeni pameandikwaje, zile zilizoandikwa ni laini za kupaka nyingi zina maji zaidi, kwa biskuti tafuta ya kuokea.

Halafu kabla hujachoma trei nzima choma MOJA. Moja tu. Ikitandaa ongeza unga kijiko, ikipasuka pasuka ongeza maziwa tone. Bibi alikuwa anafanya hivyo na ile moja alikuwa anampa mtoto aliyekaa karibu, ambaye mara nyingi nilikuwa mimi.

Shangazi sisi wa Mbagala wenye jiko la mkaa hatuhusiki? Kila resipi ni oveni oveni.

Mnahusika kuliko wote! Bibi yangu hakuwahi kuwa na oveni. Hizi biskuti zilizaliwa kwenye mkaa, moto juu na moto chini, vilevile kama mkate wa kumimina.

Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu uliochekechwa chini unene kama vidole viwili, juu ya mchanga weka mafiga madogo matatu, vijiwe au vifuniko vya chupa vya bati, halafu sahani yako ya bati yenye biskuti itakaa juu yake isiguse mchanga. Ila kwanza sufuria tupu lipate moto dakika kumi na tano likiwa limefunikwa. Mfuniko uwe bapa, wa bati, maana juu yake ndo unapalia mkaa. Sasa siri iko hapa, na hii niliiona kwa macho yangu mara nyingi mno: mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Bibi alikuwa anachukua koleo, anatoa makaa chini moja moja anayaweka juu, chini yanabaki kama manne matano yaliyoanza kufanya jivu, anapitisha kiganja juu ya mfuniko mara moja bila kugusa, anasema bado, anasubiri, anapitisha tena, anasema haya. Biskuti ina sukari na tende, chini ikizidi moto inaungua wakati juu bado nyeupe.

Usifunue funue. Dakika kumi na mbili ndo ufunue mara ya kwanza, unyanyue mfuniko sawasawa usiinamishe jivu likamwagikia ndani. Kawaida zinaiva kati ya dakika kumi na tano na ishirini. Zikiwa na rangi ya dhahabu pembeni zitoe hata kama katikati unaona bado laini, biskuti inakauka ikishatoka, ukisubiri ikauke humo ndani umeshachelewa.

Na tafadhali sana, msipikie mkaa chumbani mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Ule moshi usioonekana wala kunuka unaua watu wakiwa wamelala. Barazani, uani, mlango wazi.

Zabibu zangu zinaungua zinakuwa chungu na nyingine ngumu kama mbegu. Kaka wa Kinondoni.

Kaka, zabibu kavu ya dukani imekauka mno, ukiiweka hivyo hivyo inanyonya maji ya unga wako na ile iliyokaa juu juu inaungua. Iloweke nusu saa kwenye chai ya rangi ya moto yenye tangawizi, au juisi ya chungwa, halafu ichuje ikauke juu ya kitambaa safi, umenielewa, ikauke, maana ikiingia na maji nayo inafanya biskuti zitandae. Ipake unga kijiko kimoja ndo uchanganye. Ukikata biskuti zile zabibu zinazochungulia juu zisukumie ndani kwa kidole. Ukipata za Dodoma zilizokaushwa hukohuko nunua, huko mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na mimi kwa ulimi wangu nazipenda kuliko za pakiti kutoka nje, zina uchachu kidogo unaokatiza sukari.

Hayo maganda ya chungwa yaliyopikwa na sukari yanauzwa wapi? Nimezunguka Kariakoo na Kisutu, naonyeshwa yale ya rangi nyekundu na kijani.

Yale ya nyekundu na kijani mengi yake ni papai bichi lililopikwa sukari na rangi, si mabaya ila hayana harufu ya chungwa, na harufu ndo tunayoitafuta. Pika mwenyewe, kazi ni ndogo na vitu viko kwenye jalala lako. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika pale Buguruni nunua kama sita hivi, kunywa juisi, maganda usitupe. Yaoshe kwa maji ya moto usugue, yakate nyembamba kama njiti za kiberiti mbili zimeshikana.

Uchungu uko kwenye ile nyama nyeupe, kwa hiyo yachemshe dakika kumi, mwaga maji yote, weka mengine, chemsha tena, mwaga, mara tatu. Maji ya kwanza yana rangi ya njano na ukionja utatema, ya tatu yanakuwa karibu meupe. Halafu sukari kikombe na maji kikombe, hapa kikombe chochote, weka maganda, moto mdogo kabisa dakika kama 45 hadi saa, usikoroge sana. Utaona yanabadilika, kwanza ni kama ngozi tu hayapitishi mwanga, baadae yanaanza kung'aa, ukinyanyua moja kwa uma ukalielekeza dirishani unaona mwanga unapita kama kioo cha rangi. Hapo yameiva. Yatandaze kwenye chekecheo usiku mmoja, funika na chandarua sababu ya nyuki na nzi. Yanakaa miezi kwenye chupa. Ile shira iliyobaki ni dhambi kuimwaga, weka kwenye chai.

Mimi ni wa Upanga, bibi yetu ametuachia daftari lakini ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Binamu yangu aliyesoma madrasa amesoma hivi: "nusu bishi unga, ratili samli, wakia kumi na mbili sukari, nusu ratili zabibu, hiliki, moto wa kiasi." Bishi ni nini? Na tunapimaje leo?

Swali lako nimelisoma mara tatu kwa furaha. Kwanza huyo bibi ni hazina, wanawake wengi wa pwani wa enzi zile watu husema hawakusoma kumbe walikuwa wanaandika barua na mashairi na mapishi kwa herufi za Kiarabu. Sasa Kiarabu hakina herufi ya P, kwa hiyo wazee wengi walitumia ile ya B, msomaji ndo anajua mwenyewe. Bishi yenu ni PISHI. Na muwe makini na mengine, maana i na e wakati mwingi zinaandikwa sawa, u na o vilevile, na sauti kama mb na nd ile m au n ya mbele mara nyingi haiandikwi, kwa hiyo mkiona "dizi" msihangaike, ni ndizi. Mtafuteni mzee anayejua kupika asome pamoja na binamu, mmoja ana herufi mwingine ana jiko.

Vipimo ni hivi. Ratili ni kama gramu 450, na ina wakia kumi na sita, kwa hiyo wakia moja ni kama gramu 28. Pishi ni vibaba vinne. Pishi ya mchele wazee waliihesabu kama ratili sita, lakini pishi ni kipimo cha kujaza, si cha uzito, na unga wa ngano ni mwepesi kuliko mchele, kwa hiyo usiende na ratili tatu za unga kwa nusu pishi, utapata zege. Mi ningefanya nusu ya resipi kwanza: samli gramu 225, sukari 170, zabibu 110, halafu unga anza na gramu 450 uongeze kidogo kidogo mpaka ukikamata konzi ukaibana inashikana na ukiigusa kwa kidole inavunjika. Angalieni pia bibi hakuweka yai wala maji. Hizi zitakuwa za kuyeyuka mdomoni, ndugu wa nankatai, zinyanyueni kwenye trei zikishapoa tu, zikiwa za moto zitavunjikia mkononi.

Moto wa kiasi kwa oveni ya leo ni nyuzi 180, zile za gesi zenye namba ni namba 4. Oveni yako ikiwa haina namba nyunyiza unga kidogo kwenye trei, ukigeuka rangi ya dhahabu baada ya dakika kama tano basi ndo moto wa kiasi. Na hilo daftari lipigeni picha kila ukurasa LEO, kabla ya masika, unyevu wa Dar hauna huruma na karatasi.

Baba ana kisukari. Nikiacha sukari nikaweka tende tupu anaweza kula?

Mpendwa, naelewa unachotafuta, unataka Idi naye awe na sahani yake. Lakini nikikwambia ndiyo nitakudanganya. Tende ni tamu kwa sababu ina sukari nyingi ndani yake, zabibu kavu vilevile, mwili hauulizi imetoka kwenye mfuko au kwenye mtende, na unga wa ngano wenyewe pia unapandisha. Muulize daktari wake au mtu wa lishe kliniki anakohudhuria, mwambie kabisa biskuti ina nini, yeye ndo aseme kama ni moja au ni hakuna. Mi ningemtengenezea ndogo ndogo za saizi ya sarafu, zenye korosho nyingi na matunda kidogo, ili akiruhusiwa moja iwe moja kweli.

Zangu zilitoka nzuri, siku ya pili zimelainika kama mkate.

Ni hewa yetu ya bahari hiyo, sukari inavuta unyevu. Ziache zipoe KABISA kabla ya kufunika, hata saa mbili, zikiwa na joto zinatoa jasho ndani ya kopo. Kopo la bati lenye mfuniko wa kubana ni bora kuliko sahani ya kufunika na kitambaa. Zilizolainika zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 dakika tano sita zipoe tena, zinarudi. Na sisimizi, weka kopo juu ya sahani yenye maji.

Naweza kuuza? Nipo Sinza.

Unaweza, na zinauzika. Anza kwa majirani na ofisini lakini ukitaka kuweka dukani usikwepe TBS, shirika la viwango, tangu 2019 wao ndo wanasimamia usalama wa chakula, zamani ilikuwa TFDA, na SIDO wanasaidia wajasiriamali wadogo mambo ya kusindika na vifungashio, nenda kawaulize. Kwenye bei hesabu mpaka gesi, karatasi na nauli ya Kariakoo, akina dada wengi tunahesabu unga na sukari tu halafu tunashangaa mtaji umeenda wapi. Na andika kwenye pakiti kama kuna korosho au karanga ndani, kuna watu zinawadhuru vibaya sana.

Shangazi, mama yangu ana miaka 78, tupo Temeke. Biskuti zake hakuna aliyewahi kuziweza. Nikimwomba aniandikie anasema "unaona kwa macho, mkono ndo unajua." Naogopa, na naona aibu kumsumbua.

Mdogo wangu, usione aibu. Mimi kwa bibi nilichelewa kidogo, nilipoanza kuuliza alikuwa anataja vitu lakini hawezi tena kusimama jikoni, ndo maana nikabaki na "vikombe vinne" bila kujua ni kikombe gani, na mpaka leo iliki yake sijaipata sawasawa. Alisema kiasi. Kiasi gani, bibi? Akafungua vidole vitatu akavifunga.

Usimwambie akuandikie. Kwake mapishi hayako kwenye maneno, ukimlazimisha kutaja vipimo atakutajia chochote ili uridhike. Mwombe apike. Sema mama nina hamu ya biskuti zako, mi nitakuwa nakuoshea vyombo. Nunua vitu vyote wewe, na uvipime kabla: mfuko wa unga kilo mbili kamili, sukari kilo, siagi pakiti nzima, iliki ihesabu punje. Tafuta mzani mdogo wa jikoni ukae nao pembeni. Mwache apime kwa mkono wake, kwa kikombe chake, kwa jicho lake, usimkatize hata mara moja. Akimaliza, pima kilichobaki. Kilichopungua ndo resipi yake. Unga ulikuwa 2000 umebaki 1480, basi ametumia 520, na yeye hajasumbuliwa hata kidogo.

Halafu kuna vitu mzani hauwezi kuvikamata, hivyo vichukue na simu. Rekodi mikono yake, usimrekodi uso kama hapendi. Angalia anakanda kwa kiganja au kwa ncha za vidole, anasimamisha lini, anaugusaje unga anapoamua umetosha. Akisema "haya" gusa na wewe hapohapo, kidole chako kikae pale kilipokuwa chake, ubonyeze, ukariri ule ulaini. Akiweka konzi ya zabibu mwombe amimine kwanza kwenye kiganja chako uone ilivyojaa. Na kile kikombe anachopimia ukijaze maji ukipime, halafu ukifunge kwenye kanga ukiweke mahali salama.

Mkimaliza niandikie nikuwekee hapa kwa gramu, kama mama atakubali. Nina hamu ya kujua anaweka iliki punje ngapi.